Maswali ya Wasomaji: Simu Saba kwa Akina Mama Arobaini

Barua za mwezi huu, ambazo ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa, zimeelekea upande mmoja bila mimi kuziomba. Wasomaji wanauliza kama simu na intaneti zinaweza kuwapelekea huduma ya afya ya akili watu ambao huduma hiyo haijawahi kuwafikia. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imebeba ndani yake karibu zingine zote. Majina ya walioandika nimeyaondoa.

Swali

Mama Mshauri, jambo. Mimi ni mwenyekiti wa chama cha akina mama wabeba mizigo hapa Bukavu. Tunapandisha mizigo kutoka bandarini Muhanzi mpaka soko la Kadutu: makala ya kupikia (mkaa), mihogo, magunia ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Tuko arobaini. Wengi wetu walikimbia vita vijijini, wengine waliachwa na waume baada ya kubakwa, na walio wengi usiku hawalali. Mwezi uliopita walikuja vijana wawili wenye programu ya simu ya ushauri wa kisaikolojia. Walisema ni ya bure: unajibu maswali, simu inakuambia kama una ugonjwa wa huzuni, kisha inakupa mazoezi. Wanataka tusaini karatasi ya ushirikiano. Nimehesabu simu za kugusa katika chama chetu, ziko saba, na tatu kati ya hizo ni za waume. Je, nisaini? Sitaki kuwafungia wenzangu mlango, lakini sitaki pia tuwe picha za kupamba ripoti ya watu.

Mama mwenyekiti, Kadutu

Jibu

Mama Mwenyekiti, hesabu uliyoifanya peke yako ndiyo ambayo vijana wale walipaswa kuifanya kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu yao. Simu saba, toa tatu za waume, zinabaki nne. Na katika hizo nne utoe tena ya yule asiyesoma na ya yule ambaye mega zake za intaneti humwishia Jumatatu asubuhi. Watakaofikiwa ni akina mama wawili, nao ni wale ambao tayari wana nafuu kuliko wenzao. Hivyo ndivyo chombo kilichotengenezwa kwa nia ya kupunguza tofauti kinavyoweza kuiongeza, tena ndani ya chama kimoja, kati ya watu wanaobeba magunia ya uzito mmoja. Katika nchi ambayo mtu mmoja hivi kati ya watano ndiye aliye na umeme, kitu kinachodai betri iliyojaa, skrini nzuri na intaneti ya kila siku humfikia kwanza mtu wa mjini mwenye mshahara, kisha watoto wake, na mbeba mizigo hukipata akiwa wa mwisho, kama atakipata.

Pamoja na hayo sikushauri uwafukuze. Haja ipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopitiwa na vita mtu mmoja hivi kati ya watano anaishi na tatizo la afya ya akili, ilhali madaktari wa magonjwa ya akili katika nchi yetu ni wachache mno na walio wengi wako Kinshasa. Kwa hiyo tusibishane kama simu itumike. Tutazame ikae mahali gani katika kazi hii, na mkononi mwa nani.

Mfano ulio bora kuliko yote ninayoifahamu ulitoka hapa hapa kwetu. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji 15 vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, pamoja na wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Katika vijiji saba wanawake walikutana kwa vikundi vidogo na kufundishwa, hatua kwa hatua, namna ya kuyachunguza mawazo yanayowatesa, kwa mfano lile wazo kwamba kosa lilikuwa lao. Katika vijiji vinane walipata msaada wa kawaida, mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya vikao kwisha, waliokuwa bado na dalili za sonona au za wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 upande wa vikundi, na asilimia 42 upande wa pili. Waliofundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, hao ambao huku tumezoea kuwaita APS, wanawake waliosoma miaka michache tu ya sekondari, na kwa kuwa wengi waliowafundisha hawakujua kusoma, karatasi za mazoezi zilirahisishwa na mafunzo yakawekwa kichwani. Simu ilikuwapo katika kazi ile, lakini ilikaa nyuma ya pazia: wasimamizi waliitumia kuzungumza na APS kila juma pale walipokuwa hawawezi kuonana ana kwa ana. Aliyeketi mbele ya mgonjwa alikuwa mtu, na simu ilihakikisha kwamba mtu huyo haachwi peke yake na mambo mazito aliyoyasikia.

Mfano wa pili uko kwa jirani. Kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, wanawake 694 wa Sudan Kusini walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Karibu nusu yao waliketi kwa vikundi vya watu 20 hadi 30 wakasikiliza kozi ya vikao vitano iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, huku kijitabu cha michoro kikiwasaidia wasiosoma. Waongozaji hawakuwa wataalamu; kazi yao ilikuwa kubonyeza kitufe, kuongoza mazoezi na kutunza utulivu wa mkutano. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao ambao hawakuipata kozi hiyo. Hiyo nayo ni teknolojia ya kidijitali, Mama, ingawa haina skrini hata moja. Hapa kwetu redio ndogo inayopokea kadi ya kumbukumbu, ile ile inayopiga nyimbo za kwaya katika vibanda vya Kadutu tangu alfajiri, inatosha kwa kazi ya namna hiyo. Waambie vijana warekodi mazoezi yao kwa Mashi, kwa Kihavu na kwa Kiswahili cha Bukavu, kwa sauti ya mama mnayemfahamu, si ya mtangazaji wa matangazo ya sabuni, kisha myasikilize pamoja saa ile mnayopumzika baada ya mzigo wa mchana. Chama chenu chote arobaini kitakuwa kimefikiwa kwa kifaa kimoja.

Na simu za vitufe msizidharau. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akija kwangu, simu yake imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke, tarakimu zote zimefutika isipokuwa ile ya tano. Hakujua kuandika ujumbe, ila alijua kubipu. Tulikubaliana kwamba akibipu mara moja nitampigia nikipata nafasi, na akibipu mara mbili nitampigia papo hapo, hata kama ni saa nane ya usiku. Katika miezi minane alibipu mara mbili usiku mara tatu tu. Katika mojawapo ya mara hizo nilimkuta ameketi nje ya nyumba na mtoto mgongoni, hajui aelekee wapi, na tulizungumza mpaka majirani walipoanza kuwasha moto. Gharama yote ya mfumo huo ilikuwa yunite zangu, yaani salio la kupigia simu. Mradi wowote unaokuja kwenu na fedha uanzie hapo: wateuliwe akina mama watatu au wanne mnaowaamini, wafundishwe kusikiliza na mtu anayeijua kazi hiyo, wapokezane zamu, na fedha zinunue yunite za kurudisha simu kabla ya kununua chochote chenye kioo.

Hata pale ambapo programu yenyewe imefanikiwa, imefanikiwa ikiwa na mtu ubavuni. Huko Lebanon, Shirika la Afya Duniani lilijaribu programu ya vikao vitano kwa wakimbizi wa Syria wenye sonona, nayo ilisaidia. Lakini kila mshiriki alikuwa na msaidizi aliyemtafuta kwa simu au kwa ujumbe kwa dakika 15 hivi kila juma, na hata kwa mpango huo wengi waliacha njiani. Kwa hiyo waulize vijana wako swali moja kabla ya mengine: mama mmoja wa chama akiiambia programu hiyo, Jumapili usiku, kwamba anataka kufa, ni nani atakayempigia, na atampigia saa ngapi? Wakijibu kwamba programu itamwonyesha orodha ya namba, usisaini.

Kuna jambo la maneno pia. Programu inayouliza kama una «ugonjwa wa huzuni» itapata jibu la hapana, kwa sababu hakuna anayekuja kwangu akisema ana ugonjwa wa huzuni. Wanasema moyo unanidunda, kichwa kina moto, mawazo ni mengi, nikishika kazi mikono inalegea. Huko Zimbabwe, ambako tangu mwaka 2006 akina bibi wa mitaani wanafundishwa kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi nao kwenye benchi nje ya kliniki, kazi nzima imejengwa juu ya neno la Kishona kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, wala hawakusubiri watu wajifunze kwanza msamiati wa daktari. Vijana wako wakae nanyi siku mbili, waandike maneno mnayoyatumia ninyi wenyewe, ndipo watunge maswali.

Kuhusu siri nitaanza kwa kuungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimtumia mama mmoja ujumbe wa sauti, nikimkumbusha kikao chetu na nikitaja, kwa uzembe, jambo tulilozungumza. Simu ilikuwa mikononi mwa mwanawe wa miaka kumi na miwili, ambaye aliupiga kwa sauti kubwa sebuleni mbele ya baba. Mama yule hakurudi kwangu tena. Tangu siku hiyo simpigii mtu kabla ya kujua simu ni ya nani, nani mwingine anaishika, na inashajiwa wapi, maana wengi wenu huiacha kutwa nzima kwenye kibanda cha kushaji, bila neno la siri, mikononi mwa kijana ambaye hana la kufanya ila kusoma ya watu. Jina langu katika simu nyingi ni Mama Sombe, kama muuza majani ya mihogo. Nikipiga, naanza kwa kuuliza sambaza leo ni bei gani. Nikijibiwa bei, tunaendelea, na nikijibiwa kwamba zimekwisha, nakata. Mnaweza kubuni la kwenu ndani ya dakika tano, na litawalinda kuliko kurasa kumi za masharti ambazo programu huwataka mkubali kwa kidole kimoja.

Basi usisaini leo. Warudi na karatasi inayoeleza kwa Kiswahili majibu yenu yatahifadhiwa wapi, nani atayasoma, nani atalipia mawasiliano, na nini kitabaki mikononi mwenu mradi utakapofungwa, kwa sababu miradi hufungwa na sisi tunabaki. Iandikwe pia njia ya kumfikisha mtu penye huduma kubwa zaidi: aliyebakwa afike Panzi au hospitali nyingine yenye dawa ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi ikipita muda huo haimfai tena, na aliyepotewa na fahamu za kawaida, anayesikia sauti au asiyekula siku kadhaa, afikishwe SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili mjini Bukavu, si kuachiwa mazoezi ya kupumua kwenye simu. Na uwaambie jambo moja kutoka kwangu, hata kama litawaudhi: mama anayepanda mlima wa Kadutu na gunia lililoning'inia kwenye paji la uso, akapewa ujira ambao haununui unga wa jioni, hana usingizi kwa sababu ambazo nyingine hazitibiwi kwa ushauri. Msaidizi mzuri ataisikia njaa hiyo na kuitaja kwa jina lake.

Swali

Mama Mshauri, mimi ni kiziwi, nina miaka 26, nashona nguo hapa Goma. Tangu mapigano ya Januari 2025 naota ndoto mbaya na nashtuka kila nikihisi ardhi inatikisika. Nilikwenda mahali wanaposaidia watu, wakamwita dada yangu awe mtafsiri. Kuna mambo siwezi kuyasema mbele ya dada yangu. Rafiki alinionyesha programu ya Ufaransa yenye video za lugha ya ishara, lakini nusu sikuielewa. Je, simu inaweza kunisaidia kwa njia nyingine?

Mshonaji, Goma

Jibu

Kaka, ninyi viziwi mna sababu ya kuidai teknolojia kuliko sisi wengine wote, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza, kutoielewa programu ile si upungufu wako. Lugha ya ishara ya Ufaransa ni lugha nyingine. Ishara zinazotumika katika nchi nyingi za Afrika zinazozungumza Kifaransa, yetu ikiwamo, zina asili yake kwa sehemu kubwa katika ishara za Marekani, kupitia shule zilizoanzishwa na Andrew Foster, mmisionari Mmarekani mweusi ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, na ambaye alifungua shule yake ya kwanza barani huko Ghana mwaka 1957. Mtu akikuletea video za Paris kwa sababu tu tunasoma Kifaransa, amefanya kosa lile lile la mtu anayempa Mnande kitabu cha Kilingala kwa kuwa wote ni Wakongo. Na wanaodhani kwamba kiziwi atasaidiwa vya kutosha kwa ujumbe wa maandishi husahau kwamba Kifaransa na Kiswahili cha kuandikwa, kwa viziwi wengi, ni lugha ya pili iliyofundishwa vibaya.

Sasa faida. Katika mji mmoja viziwi wote hufahamiana, na wakalimani wanahesabika kwa vidole; ukimtumia wa Goma, kesho utakutana naye harusini. Kwa simu ya video unaweza kupata mkalimani aliye Kisangani au Kinshasa, ambaye hamjui dada yako na hatakutana na yeyote unayemtaja, huku mshauri mwenyewe akiwa ameketi nawe chumbani au yuko mji mwingine. Hili haliwezekani bila intaneti, na hapa sioni aibu kuisifu. Video ikikatika, kwa kuwa mtandao wetu hauna adabu, jirekodi vipande vifupi vya dakika moja au mbili wakati mawimbi ni mazuri, uvitume, nawe ujibiwe vivyo hivyo. Keti mwanga ukikutokea mbele, vaa nguo ya rangi moja isiyofanana na mikono yako, simu iegemee kitu ili mikono yote miwili iwe huru; ishara zilizokatwa na ukingo wa skrini ni sentensi zilizokatwa katikati.

Mkalimani umchague wewe, aahidi kutunza siri kwa maandishi, na gharama yake isiwe juu yako ikiwa unahudumiwa na mradi au hospitali. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, nayo ni vizuri kuitaja kwa upole mahali unapohudumiwa, kwani wengi wao hawajawahi kuisoma. Mwambie dada yako, kwa njia ya heshima, kwamba unamshukuru na kwamba kazi hiyo umeitafutia mtu mwingine. Ataelewa kuliko unavyohofu.

Swali

Mama, mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huko Kalehe. Tuna kundi la WhatsApp la wauguzi na RECO (wahudumu wa afya wa kujitolea wa vijijini), na daktari mmoja wa Bukavu hutushauri humo. Kuna mama wa jamii ya Batwa ambaye hajasema neno tangu mwanawe afariki. Nilieleza habari zake kundini, pamoja na jina na kijiji, nikapiga picha ya fishi yake, ile kadi ya matibabu. Sasa watu wa kijiji wanamcheka kwamba «yuko kwenye simu za waganga». Nilitaka kumsaidia. Nilikosea wapi?

Muuguzi, Kalehe

Jibu

Dada Muuguzi, kuomba ushauri wa daktari aliye mbali ni sawa, na ni matumizi ya simu ambayo ningetamani kila kituo cha afya kiwe nayo. Ulikosea katika jina, kijiji na picha, na katika kuyapeleka mbele ya kundi zima. Daktari alihitaji umri, muda wa kunyamaza, kama anakula na kulala, kama ana homa au alipata pigo kichwani, na dawa alizopewa. Hayo yaandike kwake peke yake. Tena kumbuka kwamba katika kijiji chenye familia nne za Batwa, kusema «mama mmoja Mtwa aliyefiwa» ni kumtaja jina, hata ukilificha jina lenyewe.

Watu hawa walitolewa katika misitu yao Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na tangu hapo habari zao zimeandikwa na kupigwa picha na wengi ambao hawakurudi kuwaonyesha. Kwa hiyo kicheko unachokisikia kimeangukia kidonda cha zamani. Na usidhani kwamba siri huvuja vijijini tu. Ufini, nchi tajiri, kliniki za tiba ya kisaikolojia zilizoitwa Vastaamo ziliibiwa kumbukumbu za wateja zaidi ya 30,000, na mwaka 2020 wateja hao wakaanza kutishiwa, mmoja mmoja, walipe fedha au siri walizomwambia mtaalamu zitangazwe. Mwizi alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha zaidi ya miaka sita. Waliomwaga mioyo yao hawakurudishiwa siri zao.

Futa ujumbe ule na uwaombe wenzako kundini wafute picha katika simu zao, kwa sababu kufuta kwako peke yako hakuondoi iliyokwisha kuhifadhiwa. Kanuni ya kidijitali ya nchi, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inazihesabu habari za afya kuwa za kulindwa, na mkuu wako wa zone ya afya anapaswa kulijua jambo hili kutoka kwako kabla hajalisikia kwa mwingine. Kisha nenda kwa mama huyo, kwa miguu, bila simu mkononi, ukiongozana na mzee wa jamii yake, umwombe radhi. Hatajibu, kwa kuwa hasemi. Keti hapo hapo. Kunyamaza baada ya kufiwa na mtoto huenda ni msiba tu ambao bado unaendelea, na huenda ni ugonjwa, na kuvitofautisha hivyo viwili kunahitaji mtu aliyeketi karibu naye zaidi ya mara moja. Kama katika familia zile yupo msichana au mama anayeweza kufundishwa kazi ya RECO, anza kumtafuta sasa. Mgonjwa wa pili wa jamii hiyo asilazimike kupitia kwako.

Swali

Mama Mshauri, ninasoma mwaka wa pili chuo hapa Lubumbashi na kulipia masomo kwa kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Usiku nikikosa usingizi naandikiana na roboti ya mazungumzo kwenye simu. Inanijibu kwa upole kuliko watu wa kanisani kwangu, ambao wanasema nina pepo. Je, ni vibaya?

Mwanafunzi, Lubumbashi

Jibu

Si vibaya, mwanangu, na ninaelewa ni kwa nini: haichoki, haikuambii umekuja na pepo, na haitakuona kesho kwenye basi. Lakini upole wake si sawa na ujuzi. Mwaka 2023 shirika moja la Marekani linalowasaidia wenye matatizo ya ulaji lililazimika kuiondoa roboti yake, iliyoitwa Tessa, baada ya kuonekana inawapa watu hao ushauri wa kupunguza uzito. Roboti huandika sentensi nzuri hata pale inapokosea, na usiku wa manane ni vigumu kutambua. Usiipe jina lako kamili, jina la chuo wala la familia unayoifanyia kazi. Na siku ambayo mawazo ya kufa yatakujia, weka simu chini umwamshe mtu, hata kama ni jirani ambaye hamzungumzi sana.

Mjini kwako kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, nacho huwapokea pia watu wanaokwenda kazini na darasani kila siku kama wewe. Najua lango lake linaogopesha. Chukua yale uliyoiandikia roboti usiku wa jana, uyanakili kwa mkono kwenye karatasi, na uende nayo: kusema mbele ya mtu kwa mara ya kwanza ni vigumu, kumpa karatasi asome ni rahisi zaidi, na wakati anasoma unaweza kutazama dirishani.